Wauguzi Wazee wa Mji Wetu



Katika kitabu cha jubilei ni desturi kuandika majina ya mapadri waliotangulia, tarehe ya kubariki kanisa na hesabu ya waliobatizwa. Hayo ni mema na ya lazima. Lakini historia ya parokia imo pia katika maisha marefu ya watu ambao majina yao hayakuchongwa kwenye jiwe la msingi. Ukurasa huu tumeuweka kwa ajili ya wauguzi wastaafu wa Goma, wale ambao watu wa kwetu huwaita tu «muganga», awe mwanaume au mwanamke, awe na cheti kikubwa au kidogo.

Ili tuelewe urefu wa safari yao, tuhesabu miaka. Msichana aliyezaliwa mwaka 1940 alikuta shule za kazi hii zimekwisha anza. Chuo Kikuu cha Louvain kilikuwa kimeanzisha mwaka 1926 shirika la tiba lililoitwa FOMULAC, kwanza Kisantu, kisha Katana kando ya ziwa Kivu. Na katika misheni nyingi masista waliwafundisha wasichana kazi ya kuzalisha. Wakati ule Mkongomani aliruhusiwa kuwa muuguzi au msaidizi wa daktari, basi. Lovanium ilifunguliwa mwaka 1954, na madaktari wake wa kwanza walitoka baada ya uhuru. Kwa hiyo, tarehe 30 Juni 1960, nchi ilijitawala bila kuwa na hata daktari mmoja Mkongomani aliyehitimu humu nchini. Waganga wengi Wabelgiji walipoondoka katika majuma yaliyofuata, funguo za hospitali na sanduku za dawa zilibaki mikononi mwa wauguzi. Jimbo letu la Goma lenyewe lilikuwa changa, maana lilipata cheo cha diosezi mwaka 1959 tu. Msichana wetu alikuwa na miaka 20.

Tangu hapo, maisha ya wauguzi hao yamepimwa kwa misiba ya mji. Tarehe 10 Januari 1977 Nyiragongo ilipasuka, na ziwa la moto lililokuwa kileleni likamwagika katika muda usiotimia saa moja. Vijiji vya kaskazini ya mji viliteketea, na watu wengi hawakuwahi kukimbia.

Halafu ukaja Julai 1994. Katika siku chache tu mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma. Ardhi yetu ni makoro: haichimbiki visima, haichimbiki vyoo, haichimbiki hata makaburi. Watu walikunywa maji ya ziwa, na kolera ikawaangukia, kisha kuhara damu. Kwa mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50.000. Kolera humwua mtu kwa kumkausha maji mwilini, pengine kwa siku moja. Na dawa yake ya kwanza ni kumrudishia maji yenye chumvi na sukari, au serumu katika mshipa kwa aliyezidiwa. Kazi hiyo haihitaji mashine kubwa. Yahitaji mkono unaojua na moyo usiochoka, kikombe baada ya kikombe, usiku na mchana. Aliyezaliwa mwaka 1940 alikuwa sasa na miaka 54.

Tarehe 17 Januari 2002 moto ulipita katikati ya mji na kuukata vipande viwili. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliungua, na watu wapata 120.000 walikosa makao. Mei 22, 2021, mlima ulipasuka tena, na mkondo wake ukasimama mlangoni mwa mji. Mwisho wa Januari 2025 vita viliingia Goma, na hospitali zikajaa majeruhi kupita vitanda vyake. Nani atasema kwamba katika mambo hayo mstaafu alistaafu? Cheti cha kazi kilikoma, lakini jirani mwenye homa hubisha hodi kwanza nyumbani kwa muganga wa zamani, hata saa nane za usiku.

Kuna kazi nyingine isiyoonekana katika karatasi za serikali. Kwetu mgonjwa haji hospitalini peke yake: huja na ndugu wa kumpikia, kumfulia na kumlinda. Anayetoka Masisi, Rutshuru au Walikale atalala wapi? Kama katika ukoo kuna muganga mjini, nyumba yake ndiyo makao. Sufuria ya bugali na sombe huongezwa maji na unga, mkeka hutandikwa sebuleni. Hivyo nyumba ya muuguzi imekuwa chumba cha pili cha hospitali, na watoto wake wamekua wakijifunza kugawana kitanda. Urafiki unaozaliwa hapo hudumu kuliko ugonjwa uliouleta.

Tena sisi makatekista tunajua jambo moja. Sheria ya Kanisa yaruhusu mtu yeyote mwenye nia njema kubatiza penye hatari ya kufa, nayo yaagiza kwamba jina la aliyebatiza liandikwe katika kitabu cha ubatizo. Mtoto anapozaliwa usiku akiwa dhaifu, mara nyingi padri yuko mbali, na aliye karibu ni mzalishaji mwenye maji safi mkononi. Kwa njia hiyo majina ya wauguzi yameingia katika vitabu vya maparokia bila mtu kukusudia. Anayetafuta historia yao na aanzie hapo.

Lakini ukweli usemwe wote. Wengi kati yao walifanya kazi miaka mingi kwa mshahara mdogo au pasipo mshahara, na malipo ya uzee hayatoshi au hayafiki. Walioosha vidonda vya wengine hushindwa kununua dawa ya presha yao wenyewe. Wanaishi kwa mkono wa watoto wao na marafiki; na kila mwaka tunawazika wachache, pamoja na mambo wanayoyajua.

Basi jubilei hii isiishe kwa ngoma na chakula. Kila shirika la msingi lihesabu wauguzi wazee walio katika mtaa wake, liwatembelee, liangalie kama wana dawa na kuni. Vijana wenye kujua kuandika wakae nao, wawaulize kuhusu mwaka 1960, 1977, 1994 na 2002, waandike wanayosikia. Sisi wengi tulipokelewa duniani kwa mikono yao. Si haki waondoke bila sisi kuwashika mkono.