Mvumo wa Gitaa na Waya wa Ardhi

Sisi tunaopiga gitaa la umeme majumbani hapa Uingereza tunaujua ule mvumo unaoanza amplifaya ikiwashwa. Chanzo ni umeme wa nyumba, unaokwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Koili iliyo chini ya nyuzi hunasa mtetemo wa nyuzi, lakini hunasa na mvumo huo pia.

Mwaka 1955 Seth Lover, mhandisi wa kampuni ya Gibson huko Marekani, aliomba hataza ya dawa yake: koili mbili zilizounganishwa kinyume, kila moja ikielekezewa ncha tofauti ya sumaku. Sauti ya nyuzi hujumlishwa; mvumo hujifuta.

Wako wenzetu wanaopita njia ya mkato, wakakata waya wa ardhi kwenye plagi. Mvumo huweza kupungua, lakini kinga imeondoka. Mwaka 1972 mpiga gitaa Leslie Harvey alikufa jukwaani Swansea, Wales, aliposhika maikrofoni isiyounganishwa na ardhi ipasavyo.

Basi tusogee mbali na transfoma, tugeuze gitaa, lakini waya ule tusiuguse. Mvumo huudhi tu, umeme huua.