Gari la Kukunja Hema Lilikuja Mathira na Bunduki

Wasee, leo tuongee kuhusu gari la kukunja hema. Mnajua lile nasema: Land Rover ya turubai, Maruti, ama Wrangler kama mzazi wako ana pesa ya kuchezea. Kila wikendi lazima uone video ya moja ikitoka Karatina kupanda Nanyuki, hema imekunjwa, muziki uko juu, mtu amesimama nyuma ameshika ile chuma, na mlima umekaa vizuri kabisa kwa picha. Chini ya video watu mia wameandika kitu kimoja: hii ndio maisha.

Sina shida na hiyo video. Shida yangu ni vile tunachukulia hilo gari kama kitu cha raha kilicholetwa juzi na watalii. Hapa Mathira lina zaidi ya miaka sabini, na mingi ya hiyo miaka halikuwa la raha hata kidogo. Kama una bahati ya kuwa na cucu aliyefikisha miaka themanini, muulize. Usimuulize "Mau Mau ilikuwaje", hapo atakujibu maneno mawili aendelee kuchambua njahi zake. Muulize walikuwa wanafanya nini wakisikia Land Rover inapanda kilima usiku.

Hadithi yenyewe inaanza mbali na hapa, kwa hivyo nivumilieni kidogo.

Vita vya Pili vya Dunia. Kuanzia 1941 Wamarekani walianza kutengeneza jeep kwa wingi, na mpaka vita viishe zilikuwa zimepita 600,000. Gari halina milango, paa ni kitambaa, kioo cha mbele kinalazwa juu ya boneti. Hakuna aliyefikiria upepo kwa nywele. Liliachwa wazi ndio liwe jepesi, na ndio askari aruke nje haraka mambo yakichemka. Vijana wa kwetu walioandikwa King's African Rifles walipelekwa mpaka Burma, vita ambavyo jeep ilikuwa kila mahali. Mmoja wa hao vijana alikuwa Waruhiu Itote kutoka upande wa Mukurweini. Shikilia hilo jina. Na hapa nyumbani, Karatina ilikuwa na kiwanda cha kukausha mboga za kulisha wanajeshi. Yaani tulitoa vijana na tukatoa kabichi.

Vita vikaisha. Kule Uingereza, injinia mkuu wa kampuni ya Rover, Maurice Wilks, alikuwa na shamba kisiwani Anglesey na jeep moja kuukuu ya jeshi ya kufanyia kazi. Akaona badala ya kuendelea kutegemea jeep ya Wamarekani, wao wenyewe watengeneze kitu cha aina hiyo. Land Rover ikaonyeshwa watu Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Bodi ilikuwa ya alumini kwa sababu chuma kilikuwa cha kugawiwa, na ile kijani maarufu ilitokana na rangi ya jeshi iliyobaki baada ya vita. Bei ilikuwa pauni 450, na ukitaka milango na hema, unaongeza pesa. Kumbe kukaa wazi hakukuwa kujishaua. Ilikuwa ndio bei ya chini.

Wilks alikuwa anataka gari la mkulima. Kitu kinachoweza kuzungusha mashine shambani asubuhi na kwenda sokoni mchana. Sasa angalia Mathira ya 1948 uniambie ni mkulima gani angelinunua. Kahawa, zao lenye pesa, ilikuwa imewekewa walowezi kwa miaka mingi. Wakikuyu wengi walianza kuruhusiwa kuipanda miaka ya 1950. Kwa hivyo Land Rover zilizofika huku zilikuwa za mzungu wa shamba kule Naro Moru na Nanyuki, za D.C., na za polisi. Gari la mkulima lilikuja kwetu bila mkulima ndani.

Halafu ikafika tarehe 20 Oktoba 1952. Gavana Evelyn Baring akatangaza hali ya hatari. Mwaka uliofuata msitu wa Mlima Kenya na wa Nyandarua ukafanywa eneo lililokatazwa. Ukionekana ndani unapigwa risasi. Karatina ikawa mji wa ukingoni, msitu juu yake na vijiji vimeuzunguka. Wakaja wanajeshi wa Uingereza, ambao watu wa huku waliwaita Johnnie, wakaja polisi, na kukawa na ngati, wenzetu wa kijiji waliopewa bunduki na serikali.

Tafuta picha za wakati huo uziangalie polepole. Land Rover haina hema. Watu wanne au watano wamekaa, kila mmoja anaangalia upande wake, bunduki zimetoka nje. Hema ilitolewa kwa sababu moja: usipokuwa na paa, bunduki inageuka popote. Kile sisi tunaita view, wao walikuwa wanakiita nafasi ya kulenga. Ni gari lilelile, na hata mlima ni uleule.

Kuanzia 1954 watu wakahamishwa kwa nguvu, nyumba zao zikachomwa, wakajazwa kwa vijiji vilivyozungushiwa mtaro wenye miti iliyochongwa. Mitaro hiyo ilichimbwa na wao wenyewe, na wengi wa waliokuwa wanachimba walikuwa akina mama, kwa sababu wanaume walikuwa msituni, kizuizini, au wamekufa. Kulikuwa na kafyu. Kulikuwa na gakunia, mtu aliyefunikwa gunia kichwani lenye matundu ya macho: mnapangwa foleni, anatikisa kichwa, na wewe umeenda. Mtoto aliyekulia hapo alijifunza sauti ya injini kabla ya kujifunza kusoma. Lori ilikuwa na maana yake, na Land Rover ilikuwa na yake.

Itote mnamkumbuka? Alikuwa ameingia msituni na kuwa kiongozi wa wapiganaji wa Mlima Kenya, jina lake likawa General China. Alikamatwa huku Mathira tarehe 15 Januari 1954, akiwa na jeraha shingoni, akapelekwa Nyeri kuhojiwa. Akahukumiwa kunyongwa, hukumu ikabadilishwa, akakaa ndani mpaka 1962. Baada ya uhuru alifanya kazi na National Youth Service. Mtu aliyepigania mfalme Burma, akapigana na serikali ya malkia hapa kwetu, akamalizia kulea vijana wa serikali mpya. Sijui kwa nini bado hatujatengeneza filamu kubwa ya huyu mzee, lakini hiyo ni post ya siku nyingine.

Kwa hivyo ukinunua Land Rover ya kijani, uitoe hema, uingie nayo boma ya cucu ukipiga honi, na yeye asichangamke, usiseme ni mambo ya wazee. Ana sababu, na tarehe zake zinajulikana.

Hali ya hatari iliondolewa Januari 1960, uhuru ukaja 1963, na Land Rover haikwenda popote. Ikawa ya D.O., ya chifu, ya polisi. Aliyeketi ndani alibadilika. Waliokuwa wakijificha na chang'aa kwa shamba la mahindi hawakubadilika sana. Halafu kitu cha ajabu kikatokea chini ya mlima. Filamu ya Born Free, iliyotoka 1966, ilipigwa Naro Moru. Simba, nyasi, wazungu wawili na Land Rover. Miaka kama kumi tu baada ya mitaro, ulimwengu ukafundishwa kwamba hilo gari, chini ya mlima huohuo, maana yake ni uhuru. Ile video yako ya Nanyuki ni mjukuu wa hiyo filamu, hata kama hujawahi kuiona.

Sehemu ninayoipenda mimi ni miaka ya sabini, na huwa hakuna anayeiongelea.

Julai 1975 baridi kali iliua miti ya kahawa Brazil. Dunia ikakosa kahawa, na 1976 na 1977 bei ikapanda kwa njia ambayo wazee mpaka leo wakiitaja wanatabasamu. Pesa ikaingia Tumutumu, ikaingia Kirimukuyu, ikaingia kila mahali palipokuwa na factory ya kahawa. Watu wakajenga nyumba za mawe, wakalipa karo, na wengine wakanunua gari la kwanza kwa ukoo mzima: Datsun, pick-up ya Peugeot 404, na kwa waliokaa juu kabisa kwenye matope, Land Rover iliyotumika. Wakati huohuo Leyland walikuwa wamefungua kiwanda Thika, na Land Rover zikawa zinaunganishwa hapahapa Kenya.

Yaani ilichukua karibu miaka thelathini, na baridi ya Brazil, kwa gari la Wilks kufanya kazi aliyolitengenezea. Kupeleka cherry factory. Kubeba maziwa. Kushusha kabichi na viazi soko la Karatina. Kukimbiza mama mjamzito hospitali ya Tumutumu usiku wakati barabara imekuwa uji. Na kubeba jeneza, kwa sababu hema likitolewa, jeneza linaingia vizuri. Hakuna anayepiga picha ya hiyo.

Miaka ya themanini ikaja ile ndogo kutoka India, Maruti Gypsy, ambayo kimsingi ni Suzuki iliyorefushwa. Ilianza kuuzwa kwao 1985. Injini chini ya sisi elfu moja, hema ya kitambaa, petroli kidogo. Hiyo ndiyo daktari wa ng'ombe alikuja nayo, na mwalimu mwenye bidii angeweza kuota juu yake. Mimi nikiambiwa nichague gari moja la kuwekwa makumbusho ya Nyeri, nachagua Maruti yenye matope, sio Land Rover ya D.C.

Sasa, raha yake. Sitaki mfikirie nimekuja kuwaharibia. Raha ipo na ni kubwa. Pita barabara za ndani za Mathira baada ya mvua ya kwanza wakati kahawa imechanua, ile harufu haiingii kwa gari lenye vioo. Unasikia mto Ragati kabla hujafika darajani. Na kuna hii moja ambayo wenye magari ya kawaida hawaijui: kwa gari la wazi huwezi kupita mtu bila kumsalimia. Yuko pale, uko hapa, macho yamekutana. Ukishamsalimia, ataomba lifti. Ukishampa, utajua habari zote za kijiji mpaka mwaka juzi. Usiponunua ukiwa tayari kwa hilo, nunua Vitz.

Maswali ya kawaida ya DM nayajibu haraka. Mvua: tuna njahi, tuna mwere, na Julai tuna ukungu unaoingia mpaka kwa mifupa. Hema si mapambo. Fundi anayeshona maturubai ya malori anaweza kukushonea nzuri, mwambie tu aweke mshono mara mbili pale linapokunjwa. Wizi: hakuna kitu unaacha ndani, hata mwavuli. Mikanda: magari mengi ya zamani hayakuja nayo nyuma, kwa hivyo ifungwe kwa chuma cha chasisi, na huyo wa kusimama nyuma akae chini. Barabara ya Kenol–Sagana–Marua ni kilomita 84, watu wanakimbia, na hilo gari likipinduka paa lake ni kitambaa.

Ukienda kuangalia Land Rover ya kununua, usidanganywe na bodi. Alumini haishiki kutu kama chuma, inang'aa tu. Chasisi ndiyo ya chuma, ndiyo inaoza ukiwa unapiga selfie. Lala chini uigongegonge na nyundo ndogo usikize. Ikilia kama mkebe, nenda nyumbani. Kuingiza kuukuu kutoka nje usifikirie. Sheria ya kawaida ni gari lisizidi miaka minane, na usukani uwe kulia. Bima kubwa kwa gari la umri huo ni ngumu kupata, wengi huishia na ile ya kulipa watu wengine tu. Spea utazipata Grogan, Nairobi, ambako rasmi panaitwa Kirinyaga Road. Grogan mwenyewe alikuwa mlowezi aliyechapa Wakikuyu viboko hadharani nje ya korti ya Nairobi 1907. Mtaa ukapewa jina la mlima wetu, na bado sisi tunamtaja yeye kila tukitafuta gasket.

Lakini kabla ya kutafuta sokoni, angalia kwa shamba lenu. Naongea na wengi wenu, najua. Kuna Land Rover ama Maruti imesimama kando ya mikahawa tangu guka aache kuendesha, kuku wanataga kwa kiti cha dereva, na wajomba wanabishana nani aichukue. Tafuta logbook kwanza. Kama iko kwa jina la guka na alishafariki, familia lazima ipitie mirathi kortini kabla NTSA wabadilishe jina, na korti iko hapahapa Karatina. Inachukua muda, kwa hivyo anzeni sasa. Na cucu akiwa bado yuko, mrekodi akisema lilinunuliwa lini na pesa ya kahawa ya mwaka gani, kwa sababu hiyo haiandikwi kwa logbook. Yule wa vyuma chakavu naye hupita kila wiki, na yeye hununua kwa kilo.