MAZIWA NA TUMBO LA MTOTO, sehemu ya 4: Choo cha sabuni

Mama, umewahi kufua kwa maji ya kisima yale ya chumvichumvi? Unasugua mpaka mkono unachoka, povu hakuna, na kwenye beseni unabaki utando mweupe usioyeyuka. Ule utando ni kalsiamu ya kwenye maji iliyoshikana na mafuta ya sabuni. Jambo hilohilo hutokea kwenye utumbo wa mtoto.

Wiki hii nimempokea binti mmoja na mtoto wa miezi 4 anayetumia maziwa ya kopo. Choo kigumu kama cha mbuzi. Nyumbani kaambiwa maziwa anayakoroga mazito, basi akawa anazidisha maji. Mtoto kapungua uzito. Nikasema leo niwape historia, maana tatizo hili lina zaidi ya miaka 100.

Mwanzoni mwa karne ya 20, madaktari wa Ujerumani waliona watoto waliokunywa maziwa ya ng'ombe wakipata choo kikavu, kigumu, cheupecheupe. Wakakiita "choo cha sabuni". Wengi walilaumu mafuta ya maziwa. Mwaka 1920 huko New York, Dkt. Luther Emmett Holt pamoja na Angelia Courtney na Helen Fales walichapisha vipimo vya kalsiamu na mafuta kwenye choo cha watoto. Vitu hivi viwili vikaanza kutazamwa kwa pamoja. Na kumbuka, maziwa ya ng'ombe yana kalsiamu karibu mara 4 ya maziwa ya mama.

Lakini kalsiamu peke yake haikujibu kila kitu. Chembe ya mafuta ina vipande vitatu: viwili pembeni, kimoja katikati. Utumbo hukata vya pembeni na kukiacha cha katikati. Mwaka 1968 majaribio ya panya yalionyesha kwamba asidi ya palmitiki ikikaa katikati hufyonzwa vizuri zaidi. Ikikaa pembeni, inakatwa, inakutana na kalsiamu, inakuwa sabuni, inatoka na choo. Mtoto anakosa mafuta, anakosa na kalsiamu.

Kwenye maziwa yako wewe mama, sehemu kubwa ya asidi hiyo imekaa katikati. Kwenye maziwa mengi ya kopo yenye mafuta ya mawese, imekaa pembeni. Mwaka 1995 watafiti wa Uingereza walipima choo cha watoto: wa kopo walikuwa na sabuni nyingi ya kalsiamu na choo kigumu zaidi, wa kunyonya walikuwa nayo kidogo sana.

Kwa hiyo yule binti hakuwa mzembe. Ila dawa yake ndiyo ilikuwa hatari. Usizidishe maji: mtoto atakosa chakula, na maji mengi yanaweza kumletea degedege. Fuata vipimo vya kwenye kopo. Usimpe dawa ya kalsiamu bila ushauri, wala maziwa ya ng'ombe kabla ya mwaka mmoja. Kama bado una maziwa, nyonyesha, hata kama ni kidogo.

Ukiona damu kwenye choo, tumbo limevimba, anatapika au anapungua uzito, usisubiri kesho. Mlete kituoni.

Na kina baba mnaosoma, msimlaumu mama. Msaidieni kupima maziwa.