Gemu ya Star Wars Iliyowamaliza Mafundi Wake Ndani ya Wiki Mbili

Leo hii kwenye magemu mengi ya mtandaoni, silaha kali unaipata kwa kuua zimwi. Unalichapa, linadondosha upanga, unaokota, safari inaendelea. Wachezaji wa juzi wanaona ndivyo dunia ilivyoumbwa. Kumbe kuna kipindi, kwenye gemu moja, bunduki ya maana ilikuwa haiokotwi kabisa. Ilikuwa inaagizwa kwa fundi, na huyo fundi ni mtu kabisa, yuko chumbani kwake mji mwingine au hata bara lingine, na ukimletea dharau hakuuzii.

Gemu yenyewe ni Star Wars Galaxies, iliyotoka Marekani Juni 2003 chini ya Sony Online Entertainment na LucasArts. Mbunifu wake mkuu alikuwa ametokea kwenye Ultima Online ya 1997, ambako wachezaji walichimba madini, wakafua mapanga na kuuziana wenyewe kwa wenyewe. Huku akalichukua wazo lilelile na kulipeleka mbali zaidi.

Taaluma zilikuwa zaidi ya 30. Mtu alipewa pointi 250 za ujuzi agawanye anavyotaka: nusu mwindaji, nusu mpishi, ruksa. Wapo waliolipia gemu kila mwezi na hawakuwahi kumpiga mtu risasi hata moja. Kazi yao ilikuwa kushona nguo, kujenga nyumba, kutengeneza roboti au silaha. Kwa nje inaonekana kama utani, mtu analipa hela halisi ili akafanye kazi. Ila sikia kazi yenyewe ilivyokuwa.

Chuma cha kwenye gemu hiyo hakikuwa chuma tu. Kila aina ilikuwa na jina lake na alama zake, ugumu, upitishaji wa umeme, ubora wa jumla, alama zinazofika mpaka 1,000. Na aina hiyo ilionekana kwenye sayari fulani kwa siku chache tu, halafu inapotea jumla, hairudi tena. Leo kuna shaba ya hatari kule Tatooine, wiki ijayo hamna. Kwa hiyo fundi makini aliamka, akazunguka jangwani na kifaa cha kupimia, akitafuta sehemu yenye madini mengi, akatega mashine zake za kuchimba, akazilipia umeme na matunzo, akaenda kulala. Aliyeiwahi shaba ile na kuijaza stoo anauza bunduki ambayo mwenzake hawezi kuitoa hata afanyeje. Mchoro mmoja, ujuzi uleule, lakini mzigo tofauti.

Hapo ndipo majina yalipozaliwa. Kama ambavyo watu wa mjini wana fundi cherehani wao na hawataki kusikia wa mwingine, wapiganaji nao walikuwa na mtu wao wa silaha. Watu wanatoka sayari nyingine, wanapanda chombo, wanasubiri usafiri, wanavuka nyika mpaka kwenye duka la huyo jamaa. Kila bidhaa ilikuwa na jina la aliyeitengeneza. Ukitoa bomu, umejitangaza mwenyewe.

Kilichoshikilia biashara yote hiyo ni jambo ambalo wachezaji walikuwa wanalilalamikia kila siku: vitu viliisha. Bunduki ilichakaa kwa kutumika, deraya ililika kwa kila kipigo, mwisho inabaki chuma chakavu. Mpiganaji akarudi dukani. Na fundi naye alimhitaji mpiganaji, maana silaha kali zaidi zilitaka viungo vya mazimwi makubwa ya jangwani yanayoitwa krayt, na fundi wa watu hawezi kwenda kupambana na zimwi la vile. Kwa hiyo mwindaji anamuuzia fundi nyama za zimwi, fundi anamuuzia mwindaji bunduki ya kuulia zimwi lingine.

Hata majeraha yalikuwa hivyo. Mpiganaji alikuwa na mistari mitatu, afya, nguvu na akili, na kila pigo maalumu alilopiga lilimla yeye mwenyewe. Majeraha ya akili daktari hakuyaweza. Ilibidi mtu aende baa, akae, aangalie wachezaji wengine wanaodansi na kupiga muziki mpaka apone. Baa zilikuwa zinajaa watu wanaopiga stori huku wakisubiri kichwa kikae sawa.

Lakini haki isemwe: vita vyenyewe havikuwa vizuri. Mfumo ulikuwa umejaa kasoro, na dawa za madaktari zilimpandisha mtu nguvu mpaka anasimama katikati ya kundi la maadui anapiga miayo. Halafu Novemba 2004 ikaingia World of Warcraft, nyepesi, ya haraka, ikakusanya mamilioni. Mabosi wa Star Wars wakaangalia wateja wao, wakaangalia wa jirani, roho zikawauma.

Aprili 2005 wakabadilisha mfumo wa vita mara ya kwanza. Watu wakanuna, wakazoea. Kilichofuata hakuna aliyekitegemea. Mwanzoni mwa Novemba 2005 kampuni iliuza nyongeza mpya ya gemu, na siku chache tu baadaye, watu wakiwa wameshalipa, ikatangaza kwamba gemu nzima inageuzwa. Tarehe 15 Novemba ikageuzwa kweli. Taaluma zaidi ya 30 zikawa 9. Kupigana kukawa kulenga na kubofya. Ujedi, ambao watu walikuwa wameusotea miezi na miezi, ukawa unachaguliwa siku ya kwanza ya kujiunga.

Taaluma ya kufuga wanyama ilifutwa jumla, na mtu aliyelea wanyama wake miaka miwili akajikuta hawezi tena kuwaita. Mafundi wakarundikwa kwenye kapu moja la wafanyabiashara. Na wateja, ambao ndio uhai wa duka, wakaanza kuondoka. Fundi anaingia asubuhi, rafu zimejaa, stoo ina shaba ambayo haitaonekana tena, mji kimya. Ile miji waliyojijengea wachezaji wenyewe ikabaki magofu yenye taa zinazowaka.

Kelele zilikuwa kubwa mpaka The New York Times ikaandika habari hiyo Desemba 2005. Kampuni ilikubali kuwarudishia hela walionunua ile nyongeza. Stoo, duka na jina la mtu havikuwa na risiti, hivyo hapo hakukuwa na cha kurudishiwa. Miaka baadaye bosi wa kampuni alikiri hadharani kwamba walikosea.

Gemu ilijikokota mpaka 15 Desemba 2011, seva zikazimwa. Lakini kuna watu wa kujitolea walioanza mapema kuijenga upya kwa mikono yao, mradi unaoitwa SWGEmu, na gemu waliyoichagua kuirudisha ni ile ya kabla ya mabadiliko ya Aprili 2005, pamoja na kasoro zake. Humo silaha zinachakaa tena, na kuna mtu anazunguka jangwani na kifaa cha kupimia, anatafuta shaba.