Kulea watoto wa wengine Nakivale na Mbarara: lini unahitaji leseni?

Mara nyingi huanza hivi. Jirani anakwenda shambani au sokoni, anakuachia mtoto wake. Wiki inayofuata wanakuja wawili zaidi. Baada ya miezi michache una watoto kumi na watano, umenunua ubao, na wazazi wanakulipa kila mwezi. Je, bado unamsaidia jirani, au tayari unaendesha kituo?

Swali hili ni muhimu kwa sababu kituo kisicho na kibali kinaweza kufungwa. Kikifungwa, mlezi anapoteza kipato na mzazi anakosa mahali pa kumwacha mtoto.

Sheria inasema nini?

Mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ulioanza Uganda mwaka 1997, unaanzia darasa la kwanza. Kwa hiyo vituo vingi vya watoto wadogo huendeshwa na watu binafsi, vikundi vya wazazi, makanisa, misikiti na mashirika. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inaitambua elimu ya awali kuwa ngazi ya kwanza ya elimu, na inakataza kuendesha shule binafsi bila leseni na usajili. Kinachoangaliwa ni kazi inayofanyika mahali hapo. Kuita chekechea yako "kikundi" hakuiondoi kwenye sheria.

Nani haendeshi shule?

- Bibi, shangazi, kaka au ndugu mwingine anayelea watoto wa familia.
- Jirani anayebaki na mtoto wa mwenzake kwa makubaliano yao, bila kuandikisha watoto wala kufungua darasa.
- Wazazi walio kwenye mkutano au kikundi cha akiba, watoto wao wakicheza karibu nao.

Hali zinazochanganya watu

Kituo cha nyumbani au cha jamii. Sera ya makuzi ya watoto wadogo ya mwaka 2007 inataja aina nne za vituo: vya kulelea watoto mchana, vya nyumbani, vya jamii, na shule za chekechea. Wengi husikia hivyo wakadhani vituo vya nyumbani na vya jamii vimesamehewa leseni. Kutajwa kwenye sera si msamaha. Ukishaanza kuandikisha watoto wa watu mbalimbali, kufundisha au kutoza ada, muulize afisa elimu kabla ya kuendelea.

Maeneo rafiki kwa watoto. Haya huendeshwa na mashirika kwa ajili ya michezo na ulinzi wa watoto. Shirika hufanya kazi kwa kibali cha Ofisi ya Waziri Mkuu, OPM. Kibali hicho ni cha shirika. Mfanyakazi au mtu wa kujitolea hawezi kukitumia kufungua kituo chake nyumbani.

Watoto wanaolala. Hapa mambo yanabadilika kabisa. Makao ya watoto yako chini ya Sheria ya Watoto na kanuni za makao zilizotolewa mwaka 2013, na lazima yapate idhini ya serikali. Ukimpokea mtoto asiye na mzazi wala ndugu, mjulishe mara moja mfanyakazi wa ulinzi wa watoto, hata kama ni mtoto mmoja tu.

Uanzie wapi?

Kama uko Nakivale, iwe Base Camp, Juru au Rubondo, anza kwa mwenyekiti wako wa RWC1, kisha ofisi ya OPM, kwa sababu ardhi ya makazi iko chini yake. Wenyeji waanze kwa LC1. Baada ya hapo nenda kwa afisa elimu wa wilaya ya Isingiro. Usifunge safari ya Mbarara kwa jambo hili: Nakivale iko Isingiro. Wanaoishi mjini Mbarara waende ofisi ya elimu ya jiji.

Jiandae kuulizwa kuhusu choo, maji safi, usalama wa jengo na uzio, mafunzo ya walezi na idadi ya watoto.

Hata bila leseni, una wajibu

Anayelea mtoto mmoja bila malipo bado anapaswa kumlinda. Andika majina ya watoto na simu za wazazi. Fahamu nani ameruhusiwa kumchukua kila mtoto. Weka jiko na mapipa ya maji mbali nao, na usimpige mtoto. Wazazi, kabla ya kumwacha mtoto, ingieni ndani mkaone anapolala, anapokula na anapojisaidia.

Ukiona mtoto anadhulumiwa au ametelekezwa, piga 116, namba ya bure ya msaada kwa watoto. Huduma za UNHCR, OPM na mashirika washirika ni bure. Mtu akikuomba pesa ili "akusamehe" leseni, usimlipe. Piga 0800 323 232, bila malipo.