Ngitili na upandaji miti wa jamii mkoani Simiyu

Upandaji miti wa jamii mkoani Simiyu ni jumla ya taratibu ambazo kwazo kaya, vijiji na taasisi huotesha, hupanda na kulinda miti mashambani, malishoni na majumbani, zikiambatana na mienendo ya kila siku inayopunguza matumizi ya kuni, upotevu wa maji na uchafuzi wa ardhi. Msingi wake mkuu ni ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa kwa msimu ili nyasi na miti ipate kukua, desturi ya Wasukuma iliyokuwapo kabla ya miradi yote ya serikali na ambayo hadi leo hutoa kipimo cha kufaa au kutofaa kwa miradi hiyo.

Mahali na mazingira

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, makao yake makuu yakiwa Bariadi, kwa kuunganisha maeneo ya Bariadi, Maswa na Meatu yaliyokuwa Mkoa wa Shinyanga na eneo la Busega lililokuwa sehemu ya Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Kiloleli ni mojawapo ya kata za Busega, wilaya inayopakana na Ziwa Victoria. Wakazi wa mkoa, ambao katika Sensa ya mwaka 2022 walihesabiwa kuwa 2,140,497, kwa sehemu kubwa hulima pamba, mahindi, mtama, dengu na choroko, na hufuga ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mvua ni za wastani mdogo na hazitabiriki, kiangazi ni kirefu, na udongo mweusi wa mbuga hupasuka wakati wa jua na kunata wakati wa masika. Mahali penye hali ya namna hiyo, ardhi iliyokosa miti hupoteza udongo wake wa juu haraka, na sehemu ya udongo huo huchukuliwa na Mto Simiyu hadi Ghuba ya Speke katika Ziwa Victoria.

Chanzo cha upotevu wa miti

Ukame peke yake haukuifanya Usukuma kuwa nchi ya vichaka vichache. Kati ya miaka ya 1920 na 1940 utawala wa kikoloni ulihimiza kufyekwa kwa mapori ili kuangamiza mbung'o, mdudu aenezaye nagana kwa mifugo na malale kwa binadamu, na Shinyanga ikawa kituo kikuu cha utafiti wa mdudu huyo. Baadaye kilimo cha pamba kilipanuka, idadi ya watu na mifugo ikaongezeka, na mahitaji ya kuni na mkaa yakakua sambamba. Uhamishaji wa watu kwenda vijiji vya ujamaa katika miaka ya 1970 uliziacha ngitili nyingi bila wenyewe, kwa kuwa familia iliyohamishwa mbali na ardhi yake haikuweza tena kuilinda, na eneo lisilo na mlinzi liligeuka kuwa malisho ya kila mtu.

Ngitili na namna inavyofanya kazi

Ngitili huwa ya familia, mara nyingi ya ekari chache karibu na makazi, au ya jumuiya, inayomilikiwa na kijiji au taasisi kama shule. Mvua zinapoanza, eneo hufungwa na mifugo hupelekwa kwingine. Nyasi hukua, hutoa mbegu na kukauka zikiwa zimesimama, huku machipukizi ya miti yakipata nafasi ya kupita kimo cha mdomo wa mbuzi. Kiangazi kinapokolea na malisho ya nje kwisha, eneo hufunguliwa kwa awamu, sehemu moja ikiliwa kabla ya nyingine kuguswa, na kwa kawaida wanaotangulia ni ndama, ng'ombe wagonjwa, ng'ombe wa maziwa na maksai watakaokokota plau msimu unaofuata. Utaratibu huo hauhitaji uzio wa waya, kwa sababu mpaka hulindwa na makubaliano: dagashida, yaani baraza la kimila, hupanga kanuni na adhabu, na sungusungu, ulinzi wa jadi wa vijiji, husimamia utekelezaji na kutoza faini kwa anayeingiza mifugo kabla ya wakati.

Mradi wa HASHI

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi kama HASHI, ukifadhiliwa pia na Norway, baada ya Rais Julius Nyerere kueleza wazi hofu yake kwamba mkoa huo ulikuwa unageuka jangwa. Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa ndani ya mradi kwa kuwa zilikuwa Shinyanga wakati huo, ilhali Busega, pamoja na Kiloleli, ilikuwa upande wa Mwanza. Wataalamu walianza kwa kugawa miche ya vitalu vikubwa, lakini walitambua kwamba wananchi walikuwa na njia yao, hivyo mkazo ukahamia katika kufufua ngitili. Kumbukumbu za mradi zilionyesha takriban hekta 600 tu za ngitili mwaka 1986. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 eneo lililorejeshwa lilikadiriwa kupita hekta 300,000 katika vijiji 833, na mwaka 2002 mradi ukapewa Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Faida zilizoonekana ni kuni za karibu, nguzo na fito za kujengea, asali, dawa za asili, matunda ya porini na nyasi za kuezekea.

Kupanda, kutunza na kisiki hai

Miti inayopendelewa kupandwa karibu na makazi ni mwarobaini, mjohoro, mgrivea, mlusina na miti ya matunda kama mwembe, na mashambani migunga ya asili huachwa isimame. Mbegu ngumu za mgunga hulowekwa katika maji ya moto yanayoachwa yapoe usiku kucha ili ganda lilainike. Shimo huchimbwa kabla ya mvua, udongo wa juu ukitengwa na kuchanganywa na samadi, na kiriba, yaani mfuko ambamo mche ulioteshwa, huondolewa kabla ya mche kufukiwa, kwa maana mizizi iliyofungiwa humo hujizungusha na mti hudumaa. Baada ya hapo mche huzungushiwa miiba, nyasi kavu hutandazwa kuzunguka shina, na maji yaliyooshea mboga au vyombo bila sabuni kali hutosha kuuvusha kiangazi cha kwanza, ambacho ndicho huua miche mingi.

Kisiki hai ni njia ya kufufua mti uliokatwa ambao mizizi yake ingali hai. Mkulima huchagua machipukizi matatu hadi matano yaliyonyooka na yenye nguvu, hukata mengine, hupogoa matawi ya chini, na huweka alama ili wachungaji na wakata kuni wajue kwamba shina hilo lina mwenyewe. Kwa kuwa mizizi imekwisha kuzama, mti wa namna hiyo hukua haraka kuliko mche na hauhitaji kumwagiliwa, ndiyo maana njia hii inazifaa sana nchi kavu.

Mienendo ya kila siku

Mti unaopandwa shambani unaweza kuliwa jikoni, kwa hiyo utunzaji wa mazingira huanzia kwenye mafiga. Jiko banifu, linalofinyangwa kwa udongo na kuziba njia za moto kupotea, hupunguza kuni zinazohitajika kuivisha chakula kilekile. Mabua ya pamba, ambayo wakulima hutakiwa kuyang'oa na kuyachoma baada ya mavuno ili kukatiza uzao wa funza wekundu, hutumika pia kama kuni, huku samadi iliyowahi kuchomwa kwa kukosa kuni ikirudishwa shambani au kuozeshwa kuwa mboji. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 umeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034.

Mienendo mingine ni kuvuna maji ya mvua kutoka kwenye bati, kunawa kwa kibuyu chirizi kinachotoa maji kidogo kidogo, na kuharibu chupa tupu za viuatilifu vya pamba ili zisitumiwe kuwekea maji au mafuta. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, iliyozoeleka kwa jina la rambo, ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019.

Sheria, changamoto na tathmini

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 huvipa vijiji uwezo wa kutenga ardhi, kumiliki misitu na kutunga sheria ndogo. Vikwazo vikubwa vinavyobaki ni ongezeko la watu linalogawanya ngitili za familia, mashamba mapya yanayomega malisho, biashara ya mkaa, na migogoro ya mipaka, pamoja na ukweli kwamba wanawake, ambao ndio hutafuta kuni na maji, mara nyingi hawana sauti ya kutosha katika mabaraza yanayoamua lini eneo lifunguliwe.

Kila halmashauri nchini huelekezwa kupanda miti 1,500,000 kwa mwaka, na Siku ya Taifa ya Kupanda Miti huadhimishwa tarehe 1 Aprili. Hesabu ya miche iliyopandwa, hata hivyo, haitoshi kupima kazi hiyo. Nchini Kenya, Green Belt Movement iliyoanzishwa na Wangari Maathai mwaka 1977 iliwalipa wanawake kwa miche iliyopona, na Usukumani ngitili imeonyesha jambo hilohilo kwa njia ya kimila: mti huishi pale ambapo ardhi ina mwenyewe anayejulikana, kanuni inayoheshimiwa na mtu wa kuisimamia. Kijiji chochote, cha kata ya Kiloleli au kwingineko, kinachotaka kuwa na kivuli hakina budi kuamua kwanza nani atalinda, ndipo kiamue kitapanda nini.