Theluji Iliyokataliwa London

Tarehe 11 Mei 1848, mmishonari Mjerumani Johannes Rebmann alikuwa safarini kutoka Rabai kwenda nchi ya Wachaga. Juu ya mlima mkubwa akaona weupe. Akamuuliza kiongozi wa msafara, ule weupe ni nini? Akaambiwa: baridi. Basi. Rebmann, aliyekulia kusini mwa Ujerumani, akajua ni baridi ya aina gani. Theluji.

Habari hiyo ilichapishwa Uingereza mwaka 1849. Sasa, London kulikuwa na jamaa anaitwa William Desborough Cooley, bingwa wa ramani za Afrika ambaye hakuwahi kuzuru huku. Alikuwa amesoma kila kitu. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani! Kwake, theluji hiyo ilikuwa kichwani mwa Rebmann tu. Desemba 1849, mwenzake Rebmann, Ludwig Krapf, akauona Mlima Kenya akiwa Ukambani, nao una theluji. Cooley wapi! Mwaka 1852 akatoa kitabu kizima akishikilia msimamo wake. Miaka kumi baadaye Karl Klaus von der Decken akaupanda Kilimanjaro hadi zaidi ya mita 4,000, na theluji ikamwangukia. Cooley akakataa hata hapo.

Ni rahisi kumcheka. Lakini hadithi ikiishia hapa, tutatoka tukidhani kiburi ni ugonjwa wa watu wa London tu.

Hebu tumwangalie Rebmann tena. Yeye na mwenzake Jakob Erhardt waliwauliza wafanyabiashara wa misafara kuhusu bara. Kila mmoja, hata aliyeanzia sehemu tofauti ya pwani, alisema mwishowe unafika kwenye maji mengi. Wakaunganisha: kumbe ni bahari moja! Ramani yao ya miaka ya 1850 ikachora ziwa moja kubwa ajabu, lenye umbo la konokono. Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Ziwa Tanganyika, kisha Speke peke yake akafika Nyanza. Yalikuwa maziwa tofauti. Mtu aliyekuwa sahihi kuhusu mlima alikosea kuhusu maji, na imani yake ilikuwa ileile.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema ukiwa na Mungu huwezi kupotea. Ukristo wenyewe haufundishi hivyo. Unafundisha kwamba mwanadamu ni kiumbe, anaona sehemu tu, na kwamba kiburi humwingia hata mcha Mungu. Wamishonari wenyewe walikuja Rabai wakiwa na uhakika mkubwa kwamba wazee wa pale hawakuwa na la kuwafundisha kuhusu Mungu. Hilo nalo tulitaje.

Kilichomsaidia Rebmann, naona, ni tabia ya kuketi chini na kuuliza. Kamusi yake ya lugha ya watu wa Nyasa, iliyochapishwa 1877 baada ya yeye kufa, aliipata kwa kufundishwa na Salimini, mtu aliyekuwa mtumwa. Msomi wa Ulaya akawa mwanafunzi wa mtumwa, neno kwa neno. Alikaa huku miaka 29, waumini wakiwa wachache mno, hadi akapofuka. Mwaka 1875 alirudi kwao akiongozwa na msaidizi wake, Isaac Nyondo.

Sisi tunaambiwa kila siku tujiamini. Sawa, bila kujiamini Rebmann angemeza maneno yake London ilipomcheka. Yeye alikuwa ameuona mlima. Ziwa la kwenye ramani hakuliona. Alilikisia, kisha akalichora kama mtu aliyelizunguka. Tofauti ni hiyo, na inatuhusu. Kabla hujabishana na mtu usiku kucha mtandaoni, jiulize: hili nimeliona, au nimeunganisha tu? Na anayesali, aombe pia ujasiri wa kufuta ramani yake mwenyewe.